Wauzaji wa midoli adimu mtandaoni wanapangaje bei? Uzi kwa wakusanyaji wa Dodoma na jirani

MWANZISHA UZI

Wakuu, mbukwenyi.

Kwenye makundi yetu ya wakusanyaji hapa Dodoma kumezuka tabia inayoniumiza. Mtu anaokota kigari cha Hot Wheels kwenye turubai la mitumba Sabasaba, anakipiga picha, halafu chini yake anabandika tangazo la eBay, lile soko la mtandaoni la Marekani, lenye kigari kama hicho kwa dola 400. Kuanzia hapo hataki kusikia bei nyingine. Wapo wa upande wa pili pia, na hao ndio wananitia huruma zaidi: wananunua kwa dalali kwa bei ya tangazo hilo hilo, kwa kuwa wameiona kwenye simu kwa macho yao.

Naipenda shughuli hii ya kukusanya na sitaki watu wetu waumizwe nayo. Kwa hiyo nashusha hapa ninachokijua kuhusu hawa wauzaji wa mtandaoni, jinsi wanavyofika kwenye bei wanazoandika. Kama una swali, uliza humu humu ili na mwingine afaidike. Tusianze mambo ya inboksi.

Nianze na lile linalobeba mengine yote. Bei ya kwenye tangazo ni ombi la muuzaji. Kuweka tangazo hakumgharimu kitu au kunamgharimu senti chache, kwa hiyo anaweza kuandika dola 400, dola 4,000, chochote, akakaa kusubiri miaka miwili. Bei ya kweli ni ile ambayo mtu ametoa hela mfukoni akailipa. eBay wana kichujio cha kuonyesha vitu vilivyouzwa tu, na kinarudi nyuma hadi siku 90. Ukitafuta kigari chako, fungua sehemu ya vichujio, washa hicho cha vilivyouzwa, matangazo yote ya ndoto yanapotea. Kile kigari cha dola 400 mara nyingi utakikuta kimeuzwa dola 3.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni Beanie Babies, vile vidubwana laini vya kampuni ya Ty vilivyoingia sokoni 1993 kwa kama dola 5 kimoja. Kampuni ilikuwa inasitisha aina moja moja, watu wakaamini kila kilichositishwa kitapanda, na eBay iliyoanzishwa 1995 ikawa uwanja wao. Mwaka 1999 kampuni ikatangaza kuvisitisha vyote mwishoni mwa mwaka, na haikupita muda bei zikaporomoka. Vilikuwa vimewekwa stoo vingi mno, na kila aliyekuwa navyo alikuwa muuzaji. Hadi leo dubu wa zambarau aitwaye Princess, aliyetolewa 1997 kwa kumbukumbu ya Princess Diana, ana matangazo ya maelfu ya dola. Washa kichujio uone: wengi wao wanaondoka kwa dola chache tu.

Nikipata nafasi jioni nitaendelea na hesabu zenyewe.

MDAU WA NKUHUNGU

Mkuu nimeweka kambi. Ila nina swali la haraka. Nina kigari cha Hot Wheels chini kimeandikwa 1969. Kabisa imechongwa kwenye bati la chini. Huyu si mzee wa miaka zaidi ya hamsini? Kwenye eBay vya 1969 vinauzwa hela ndefu, tena hata kwenye hicho kichujio chako cha vilivyouzwa nimeangalia.

MWANZISHA UZI

Mkuu wa Nkuhungu, swali lako ni zuri na ndilo linalowaponza wengi, nalijibu kabla ya hesabu.

Mwaka ulioko chini ya Hot Wheels ni mwaka wa haki ya umbo lile, siyo mwaka kigari kilipotoka kiwandani. Mattel, kampuni yenye Hot Wheels, wakitengeneza umbo mwaka fulani wanaweza kuendelea kulitumia miongo kadhaa, na mwaka ule ule ukabaki chini. Kwa hiyo angalia vitu vingine. Hot Wheels zilianza 1968, na zile za mwanzo hadi 1977 zilikuwa na mstari mwekundu kwenye tairi, ndiyo maana wakusanyaji wanaziita Redline. Chini zimeandikwa Marekani au Hong Kong kama mahali zilipotengenezwa. Cha kwako kikiwa kimeandikwa Malaysia au Thailand na tairi hazina mstari mwekundu, hicho kilitengenezwa miaka mingi baada ya 1969.

Wanasesere wa Barbie wana mtego huo huo. Utakuta mgongoni imeandikwa 1966, mtu anakimbia kutangaza Barbie wa kale, kumbe ni mwaka wa umbo la kiwiliwili, na umbo hilo lilitumika hadi kwa wanasesere wa miaka ya 1990. Kwenye mitumba ya Majengo nimewaona wengi wa namna hiyo.

Muuzaji mzoefu anajua haya yote. Asiye mzoefu anaandika "1969" kwenye kichwa cha tangazo, anapandisha bei, na mnunuzi asiyejua anaona bei imeendana na mwaka.

MDAU WA NKUHUNGU

Kimeandikwa Malaysia. Asante mkuu. Nitamwachia mwanangu achezee.

MWANZISHA UZI

Sasa hesabu.

Mlanguzi wa midoli aliye makini haanzi na alichonunulia. Anaanza mwisho: kitu hiki kimeuzwa kwa kiasi gani siku hizi 90, mara ngapi, na katika hali gani. Anachukua mauzo kadhaa, anatupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, anatazama katikati pamejaa wapi. Kisha anarudi nyuma kutoa makato, na kinachobaki ndicho kinachomwambia anunue kwa bei gani. Mimi naona hapa ndipo wengi wetu tunapotofautiana nao. Sisi tunanunua kwanza, ndipo tunatafuta bei ya kuuzia.

Chukua mfano wa kigari kinachouzwa dola 25, mnunuzi akalipia na usafirishaji dola 6. Ada ya eBay kwa muuzaji wa Marekani kwenye bidhaa nyingi iko karibu asilimia 13, na inakatwa kwenye jumla yote, yaani mpaka kwenye ile hela ya usafirishaji. Ya dola 31 hiyo ni kama dola 4. Kuna ada ndogo ya senti kadhaa kwa kila oda. Kuna boksi, karatasi za kufungia, gundi ya karatasi, tuseme dola 1. Kama alikinunua dola 5, na zile dola 6 zikaenda posta, mkononi inabaki chini kidogo ya dola 15. Na hapo hujahesabu muda wa kupiga picha, kujibu maswali, kwenda posta, wala mteja mmoja kati ya wengi anayerudisha mzigo.

Ndiyo maana mlanguzi anataka kununua kwa theluthi moja au chini ya bei ya mauzo. Ukimpelekea kitu cha dola 25 akakuambia atakupa dola 7, usidhani anakutukana.

Kasi nayo inaingia kwenye bei. Kama kwa siku 90 vimeuzwa vigari 60 vya aina ile na sokoni sasa hivi viko 20, kitu kinatembea, anaweza kuweka bei ya katikati na kitaondoka wiki ile ile. Kama vimeuzwa 2 na matangazo yako 90, bei haina maana yoyote hata ikiwa nzuri. Atakaa nacho. Mtu mwenye kodi ya chumba ya kulipa hawezi kukaa nacho, atashusha, na akishusha yeye wa pembeni naye anashusha.

Mitego miwili kwenye vilivyouzwa, muiweke akilini. Wa kwanza: eBay ina nafasi ya mnunuzi kutoa ofa. Ofa ikikubaliwa, kwenye orodha unaona bei ya tangazo imekatwa mstari, na ile iliyolipwa kweli haionyeshwi. Kitu kinaonekana kimeuzwa dola 100 kumbe mtu alilipa 60. Wa pili: mnada. Mtu anaweka dau, anashinda, halipi. Mauzo yanaweza kubaki kwenye orodha kana kwamba yalifanyika. Kwa hiyo ukiona uuzaji mmoja wa ajabu peke yake, usijenge nyumba juu yake.

Wauzaji wengi wenye uzoefu siku hizi wanaepuka mnada kwa vitu vya kawaida. Wanaweka bei ya kudumu iliyopanda kidogo, wanaacha nafasi ya ofa, kwa kuwa wanajua mnunuzi anataka kupunguziwa. Mnada wanauacha kwa kitu adimu sana ambacho hakuna mauzo ya kulinganisha, na wanajua kuna matajiri wawili wanaokitaka. Wawili ni lazima. Mnadani mtu mmoja tajiri peke yake anaondoka na kitu kwa bei ya kuanzia.

MDAU WA MAKOLE

Nondo hizi. Mimi ni wa LEGO, vipi kwa upande huo? Kuna ndugu wa Area D anauza kifuko cha mchanganyiko wa matofali ya mtumba kwa kilo, na kuna mwingine ana boksi halijafunguliwa anataka laki tisa. Nashindwa kujua nani ana haki.

MWANZISHA UZI

LEGO mkuu ndiyo midoli yenye bei safi kuliko zote, na napenda sana kwa sababu hiyo. Kuna soko la BrickLink lililoanzishwa 2000, LEGO wenyewe wakalinunua 2019. Kila seti, kila kitofali, kila kimtu kidogo kina ukurasa wake unaoonyesha wastani wa mauzo ya miezi sita iliyopita, vipya kando na vilivyotumika kando, na vilevile bei za vinavyouzwa leo. Ukiweka safu hizo mbili pamoja unaona kwa macho tofauti ya ombi na malipo. Chukua namba ya seti iliyoko kwenye boksi la huyo wa laki tisa, iweke pale.

Kinachopandisha LEGO ni kusitishwa. Seti ikiwa bado inauzwa dukani, hakuna mtu wa kulipa zaidi ya bei ya duka. Ikisitishwa, zilizobaki ndizo hizo, na zikifunguliwa na watoto zinazidi kupungua. Lakini kampuni inaweza kurudi. Ile meli kubwa ya Millennium Falcon ya 2007, namba 10179, ilitoka kwa dola 500 ikafika maelfu ya dola mitaani. Mwaka 2017 LEGO wakatoa toleo jipya kubwa zaidi, namba 75192, kwa dola 800. Bei ya ile ya zamani ikashuka, maana wengi walikuwa wanataka meli tu, hawakujali ya mwaka gani. Waliokuwa wameweka tano tano kabatini waliumia.

Kuhusu huyo wa kilo: nenda kachambue kwa mkono. Kilo ya matofali mchanganyiko ina bei ndogo na inajulikana, ila vimtu vilivyomo ndani vinauzwa kimoja kimoja, na kimtu kimoja kinaweza kuwa na bei kuliko kilo nzima. Walanguzi wa Ulaya hivyo ndivyo wanavyofanya, wananunua kwa kilo, wanatoa vimtu, wanauza matofali kwa kilo tena. Ndiyo maana mifuko mingi ya kilo inayofika huku haina hata kimtu kimoja. Imeshapitiwa.

MDAU WA IPAGALA

Habari zenu. Mimi ni mwanafunzi, na humu chuoni dada zangu wote wana Labubu, vile vidoli vya manyoya vyenye meno, kwenye mikoba. Kuna anayeuza 35,000 na kuna anayeuza 250,000, ukiwatazama kwa haraka ni wale wale. Bei hiyo inapangwaje?

MWANZISHA UZI

Karibu dada. Wale wa 35,000 ni wa kuigiza, wenyewe mtandaoni wanawaita Lafufu. Hakuna ubaya kuwa naye kama umemnunua ukijua. Ubaya ni kuuziwa kwa bei ya halisi. Labubu halisi ana meno tisa. Hesabu. Angalia na kadi yenye msimbo wa kuskani, ipeleke kwenye tovuti ya Pop Mart yenyewe, kampuni inayomtengeneza, kwa sababu waigaji wanaweka msimbo unaokupeleka kwenye tovuti yao ya bandia.

Bei yake ina sababu tatu zilizokutana. Labubu alibuniwa na msanii Kasing Lung mwaka 2015, Pop Mart ya China ikaanza kumtengeneza kwa wingi tangu 2019, na umaarufu ukalipuka 2024 baada ya mwimbaji Lisa wa kundi la Blackpink kuonekana naye. Hapo mahitaji yakaruka. Sababu ya pili, anauzwa kwenye kisanduku kilichofungwa, hujui umepata yupi, na yule wa siri kwenye matoleo mengi anapatikana mmoja kwa 72. Kwa hiyo mlanguzi anapomuuza wa siri hahesabu kisanduku kimoja, anahesabu visanduku vingi ambavyo ingebidi ufungue kumpata. Hiyo ndiyo hoja yake ya bei, na kihesabu ina mantiki. Ya tatu ni upungufu. Juni 2025 kule Beijing mmoja mwenye kimo cha binadamu aliuzwa mnadani kwa yuan zaidi ya milioni moja, habari zikazunguka dunia, kila mwenye kidogo naye akapandisha.

Mwezi ule ule Pop Mart wakamwaga mzigo mwingi sokoni, na bei za walanguzi China zikaanguka ndani ya siku chache. Mdoli hakubadilika hata uzi. Kilichobadilika ni kwamba ulikuwa unaweza kumpata kwa bei ya duka. Kwa hiyo dada, kabla hujatoa 250,000 angalia Pop Mart wenyewe wanauza toleo hilo shilingi ngapi leo na kama lipo. Likiwepo, zaidi ya bei ya duka na nauli, unalipia haraka yako tu.

MDAU WA SINGIDA

Nina ndugu Uingereza anasema anaweza kuninunulia vigari vya Matchbox huko kwa pauni 2, pauni 3. Nikivileta huku niuze kwa bei ya eBay si nimetoka?

MWANZISHA UZI

Kaka, piga hesabu ya safari kwanza. Kigari cha pauni 3 kikitumwa peke yake kwa posta, nauli inazidi bei ya kigari mara kadhaa. Kikifika, forodha haiangalii bei ya kigari tu. Inajumlisha bei, nauli na bima, ushuru unakatwa humo, halafu VAT ya asilimia 18 inahesabiwa juu ya jumla pamoja na ule ushuru. Kigari cha elfu kumi kinaingia Singida kikiwa na gharama ya vigari vinne. Ndugu yako akija likizo avitie kwenye begi, hapo mnaongea lugha nyingine.

Na bei ya eBay ya Uingereza ni bei ya mahali penye wanunuzi wa Uingereza. Mtu wa Manchester analipa pauni 20 kwa sababu alikuwa na kigari kile akiwa na miaka sita. Singida huyo mtu yuko wapi? Hapa kwetu wanunuzi wa kweli tunajuana, tukijumlisha Dodoma, Singida na Morogoro hatujazi basi. Soko dogo lina bei yake, na bei hiyo inapatikana kwa kuuliza ndani ya makundi: nani alinunua, lini, kwa kiasi gani. Ninaomba sana tuanze kuandika bei za mauzo yetu hadharani. Hii "bei njoo inboksi" ndiyo inayowanenepesha madalali, kwa sababu kila mnunuzi anapewa bei kulingana na sura yake.

Tena Matchbox za "Made in England" zilizoandikwa Lesney, jina la kampuni iliyozitengeneza, ambazo ni za kabla ya kampuni hiyo kufilisika 1982, watu wanadhani zote ni mali. Zilitengenezwa kwa mamilioni. Iliyochezewa, rangi imebanduka, ekseli imepinda, ni ya bei ndogo hata kwao. Yenye boksi lake na rangi kamili ni habari nyingine, na boksi tupu lenyewe linaweza kuuzwa kuliko gari bovu.

MDAU WA KONDOA

Nimesoma uzi wote, una elimu. Lakini nina dukuduku na nitalisema. Ninyi mnaingia kwa mama wa mitumba, mnachagua kigari kwa 500, mnajua kabisa kinauzwa 40,000, mnanyamaza, mnalipa mnaondoka. Huko Marekani nako nimesoma watu wanawahi mlango wa duka ukifunguliwa, wanafagia vigari vyote, mtoto akija na mama yake anakuta misumari mitupu. Mbona huo uzi mzima unafundisha ulanguzi kama kazi ya heshima?

MWANZISHA UZI

Mkuu wa Kondoa, dukuduku lako ni la haki na silikwepi.

Mimi natenganisha watu wawili. Kuna anayetafuta: anapiga magoti kwenye turubai, anachambua vitu mia, anajua kimoja ni adimu, anakiokoa kisiende jalalani, anakisafisha, anakifikisha kwa anayekitaka. Ujuzi wake una malipo, na naamini ni malipo halali. Na kuna anayeziba: anafagia rafu ya duka ili upungufu uwepo, halafu anauza upungufu alioutengeneza mwenyewe. Huyo haongezi chochote kwenye dunia hii. Hot Wheels wana matoleo adimu waliyoyaita Treasure Hunt tangu 1995, yamechanganywa na ya kawaida kwenye boksi moja la dukani kwa bei ile ile ya dola moja na kitu. Yalikusudiwa mtoto ayaokote kwa bahati. Wafagiaji wamefanya bahati hiyo iishe kabla duka halijafunguliwa, na mimi sinunui kwao hata nikiwa nakitaka kigari namna gani.

Kuhusu mama wa turubai, kaka, huo ndio mzigo unaotukalia sisi wa hapa. Mlanguzi wa eBay hamwoni aliyemuuzia. Sisi tunamwona, tunamjua mwanawe anasoma wapi. Msimamo wangu ni kwamba ukijua, mwambie. Mlipe zaidi, umfundishe alama. Utapoteza faida ya siku hiyo, ila utakuwa na mtu anayekuwekea vitu kando mwaka mzima.

Kuna wanaosema ukimfundisha atapandisha vyote. Labda. Hiyo ni haki yake, mzigo ni wake.

MUUZA MITUMBA, MAJENGO

Nimetumiwa huu uzi na mteja wangu, nami niseme.

Sisi belo hatulinunui kwa ajili ya matoi. Matoi yanakuja yamechanganyika, tunayapanga kwa ukubwa na uzima. Kigari magurudumu yakizunguka 500, kikubwa 1,000, mdoli mwenye nywele nzuri 3,000. Wateja wangu ni kina mama, na mama akiambiwa kigari kimoja elfu kumi anaweka chini anaondoka, na nguo hanunui. Kwa hiyo hata nikijua kuna kimoja cha 40,000 siwezi kukiweka pale katikati. Na simu yangu haina nafasi ya kukaa natafuta eBay kila kigari, nina watoto na nina mzigo wa kupanga tangu alfajiri.

Wakija vijana wawili watatu wanachagua kwa tochi najua kuna kitu. Huwa nawapandishia kwa sababu ya tochi tu, maana kitu chenyewe sikijui. Sasa kaka mwanzisha uzi kama unasema kweli, niambie hizo alama kwa maneno mepesi nitenge kando.

MWANZISHA UZI

Dada, shikamoo kwa kazi, na asante kwa kuingia. Nakuandikia hapa wote waone.

Vigari. Shika tairi kwa kucha. Vingi tairi zake ni plastiki ngumu. Ukikuta Hot Wheels tairi zake ni mpira laini kabisa, weka kando. Ikiwa na rangi inayong'aa kwa ndani kama chuma kilichopakwa asali na mahali fulani ubavuni kuna herufi TH ndogo (yaani Treasure Hunt), hiyo weka kando na usimuuzie mtu siku hiyo. Mstari mwekundu kwenye tairi, weka kando. Chini pakiandikwa Lesney England na rangi bado nzima, weka kando. Bati la chini likiwa chuma siyo plastiki, hiyo bado haitoshi, ila iangalie mara mbili. Chochote ambacho bado kiko kwenye kadi yake ya plastiki hakijafunguliwa, usikifungue ili kionekane vizuri, hata kadi ikiwa imekunjika.

LEGO: vile vimtu vyenye uso wa manjano au uso wa rangi ya ngozi, usiviuze na matofali. Viweke kwenye kikombe. Na vikofia vyao, na mapanga yao madogo. Kimtu bila kofia yake kinapoteza sehemu kubwa ya bei.

Midoli laini yenye lebo ya karatasi sikioni bado imo, acha lebo. Hata kama bei ni ndogo, isiyo na lebo ni ndogo zaidi. Wanasesere, miaka iliyoandikwa mgongoni usiiamini, nimeeleza juu. Vile vya vichwa vikubwa vya Funko vinavyokuja na boksi, vingi havina bei, kampuni yenyewe mwaka 2023 ilisema itaharibu mzigo wa dola milioni 30 hadi 36 kwa kuwa ulijaa ghala. Uza kwa bei ya kawaida.

Bei. Usianze na 40,000, hakuna wa kukupa Majengo siku ile ile. Kwa kitu cha kuweka kando kisicho na uhakika, anzia mara kumi ya bei yako ya turubai. Kijana wa tochi akilipa bila kubisha, ujue uliweka chini, mara nyingine panda. Akibisha sana, piga picha chini na ubavuni, niwekee humu kwenye uzi. Tutaangalia vilivyouzwa sote, wewe ukiwepo, bei itakuwa mezani.

MDAU WA KONDOA

Hapo mkuu nimekuelewa. Nami nitasaidia kuangalia.

MDAU WA NKUHUNGU

Dada wa Majengo, kama huna bando mimi nina simu, napita pale kila jioni nikitoka Kizota.

MUUZA MITUMBA, MAJENGO

Nimenakili kwenye daftari la madeni, nimempa na binti yangu asome maana macho yake ni mazuri kuliko yangu. Nimeshapata vitatu vyenye tairi za mpira kwenye gunia la juzi. Viwili vimepasuka kioo, kimoja kizima, cha bluu, chini kimeandikwa Malaysia. Herufi TH siioni, ila kinang'aa kweli. Nimeambiwa nianzie elfu tano, basi elfu tano. Picha anaipandisha binti jioni hii, na anayetaka kupunguziwa aje aongee nami mwenyewe.

MWANZISHA UZI

Asubiri picha kila mtu, asiende mtu kununua kwanza. Dada, upande wa chini upigwe karibu, jina la gari lisomeke.